Kikomo cha bonasi, na mstari mmoja ulionitia aibu

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata, kisha nikanyamaza wiki sita. Sina kisingizio kikubwa. Kazi ilikuwa nyingi, na hapa Kitengela upepo ukivuma kwa nguvu stima nazo huamua kupumzika. Somo la hifadhidata litakuja, msijali. Leo nataka kuwasimulia jambo ambalo nimelikwepa kwa muda mrefu, kwa sababu linanihusu na halinisifu.

Ni habari ya kikomo cha bonasi katika programu ya mishahara.

Kwanza neno lenyewe. Ukitaja bonasi kule Kericho au Nyeri watu hufikiria chai, ile pesa ya mwisho wa msimu ambayo mkulima hulipwa kupitia KTDA. Huku Kajiado hatuna chai. Bonasi ninayoizungumzia ni ile anayoongezewa mfanyakazi juu ya mshahara kwa kuwa amepita lengo alilopewa. Na kikomo ni ile nambari inayosema: hata ukipita lengo mara kumi, hutapata zaidi ya hapa.

Mwaka 2022 nilipata kazi ya kuandika programu ya mishahara ya kampuni moja ya maua iliyo nje kidogo ya barabara ya Namanga. Jina lake nitaliacha. Walikuwa wamechoka na Excel. Kila mwisho wa mwezi karani aliketi na karatasi za wasimamizi, akaingiza nambari moja moja mpaka usiku. Desemba iliyotangulia, macho yakiwa mazito, aliongeza sufuri moja. Bonasi ya shilingi 4,500 ikawa 45,000 na ikatumwa kwa M-Pesa jioni hiyo hiyo. Mnajua wenyewe pesa za Desemba. Kufika Jumatatu zilikuwa zimeshapanda basi zikaenda ushago kusherehekea Krismasi. Kampuni ilichukua miezi mingi kuzirudisha kidogo kidogo, na karani wa watu alipewa barua ya onyo.

Kwa hivyo siku ya kwanza meneja aliniambia sharti moja tu: "Weka kikomo. Sitaki kuona sufuri ya ziada tena."

Tukakubaliana kwamba kikomo kiwe nusu ya mshahara wa msingi. Hakuna aliyekuwa amewahi kupata bonasi ya kiasi hicho, kwa hivyo tuliona ni juu vya kutosha. Nikarudi nyumbani, nikafungua kipakatalishi changu (mwalimu wangu wa Kiswahili akisoma hapa atafurahi), nikaandika mstari mmoja. Nikiuweka kwa Kiswahili ulikuwa hivi:

kama bonasi > kikomo basi bonasi = kikomo

Dakika tano. Nikaujaribu kwa 45,000, ikatoka 8,000. Nikanywa chai. Nikatuma ankara yangu.

Wale mnaoandika programu huenda mmeshaona tatizo. Mimi sikuliona kwa karibu miaka miwili.

Februari 2024 ilifika. Kwa watu wa maua, wiki zinazotangulia tarehe 14 Februari ndizo wiki za mwaka. Ulaya yote inataka waridi siku moja. Vivungulio havipumziki, na lile banda la kupanga na kufunga maua huwa na watu kuanzia alfajiri. Msimu huo kampuni ilitoa karatasi kwa wafanyakazi: kila fungu utakalofunga juu ya lengo lako la siku, shilingi 6. Karatasi ilibandikwa ukutani. Haikutaja kikomo popote.

Palikuwa na mama mmoja katika banda lile, mtu wa mikono myepesi sana. Mshahara wake wa msingi ulikuwa shilingi 16,000. Alikuwa na mtoto wa kidato cha tatu na salio la karo lililokuwa likimsumbua, kwa hivyo msimu huo alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Na aliweka hesabu. Kila jioni aliandika mafungu yake katika daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Msimamizi wake naye aliandika katika karatasi ya siku, mama akatia sahihi. Mwisho wa mwezi daftari lake lilikuwa na mafungu 1,900 ya ziada. Mara shilingi 6, ni 11,400.

Karatasi yake ya mshahara ikaja na bonasi ya 8,000.

Hapo ndipo naomba msomaji usimame kidogo ufikirie kama yeye. Daftari linasema 11,400. Karatasi inasema 8,000, bila neno lingine. Katikati ya daftari na karatasi kuna mtu mmoja tu anayemjua kwa jina na kwa sura: msimamizi anayepeleka hesabu ofisini. Shilingi 3,400 zimeenda wapi? Jibu lilikuja lenyewe. Amekula.

Kisha ikajulikana kwamba si yeye peke yake. Watu 14, wale waliofanya kazi vizuri zaidi katika banda zima, walikuwa wamepungukiwa. Na waliopungukiwa wote walikuwa chini ya msimamizi yule mmoja, maana banda la kufunga lilikuwa lake. Ushahidi gani mwingine ungetaka? Watu waliacha kumsalimia. Mtu mmoja alimwambia mbele ya wengine kwamba karo ya watoto wa wenzake itamkwama kooni.

Mimi nilisikia haya wiki tatu baadaye, nilipopigiwa simu nifike Kajiado mjini, ambako kampuni ina ofisi yake ya mishahara. Nilipanda matatu Kitengela, tukapita Isinya, nami njia nzima nikiwaza kwamba tatizo ni la karani. Ndivyo tulivyo sisi watu wa programu. Kabla ya kuangalia msimbo wetu, huwa tumeshamhukumu mtu.

Ofisini walikuwa wanne: meneja, afisa wa wafanyakazi, msimamizi na yule mama. Msimamizi ndiye aliyeomba kikao. Alisema yeye hana neno la kujitetea, ila anataka hesabu ifanywe mbele ya macho ya watu. Mama aliweka daftari lake mezani. Msimamizi akaweka karatasi zake za siku. Zililingana, fungu kwa fungu.

Basi nikafungua programu, nikaingiza mafungu 1,900. Katika jedwali la ndani, lile ambalo watumiaji hawalioni, kulikuwa na 11,400. Katika karatasi ya mshahara, 8,000. Nikajua papo hapo. Mnajua ule ubaridi unaoingia tumboni? Nilikaa kimya nikijifanya bado natafuta.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, hiyo mashine yako inajua kuhesabu?"

Nikamjibu, "Inajua, mama. Imehesabu vizuri, sawa na daftari lako. Halafu mimi niliiambia ikate."

"Na kwa nini haikusema imekata?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo nikiulizwa nimejifunza nini katika kazi hii, natoa swali hilo la mama kabla ya kitabu chochote.

Meneja alijaribu kunisaidia. Alisema kikomo ni uamuzi wa kampuni. Lakini hata yeye alipoisikia sentensi yake mwenyewe alisita. Uamuzi gani? Sisi tulikuwa tumeweka kikomo cha kuzuia sufuri ya ziada. Hatukuwahi kukaa chini tukasema mtu mwenye mikono myepesi asilipwe kazi aliyoifanya. Mstari wangu haukuweza kutofautisha kosa la karani na jasho la mtu. Vyote viwili viliuzidi kikomo, vyote viwili vikakatwa.

Na kuna la kuchekesha, ingawa siku ile sikucheka. Hata lile kosa la sufuri mstari wangu haukulitatua. Tuseme karani angeandika tena 45,000 badala ya 4,500. Programu ingelipa 8,000. Yaani bado kampuni ingepoteza 3,500, na safari hii hakuna ambaye angegundua, kwa sababu 8,000 haishtui macho. Nilikuwa nimechukua kosa linaloonekana nikalifanya kosa lisiloonekana, na nikalipwa kwa kazi hiyo.

Kampuni ililipa tofauti yote, shilingi 31,640 kwa watu 14, pamoja na mshahara wa Machi. Meneja alienda mwenyewe bandani kusema kwamba msimamizi hakuchukua hata senti. Lakini neno mwizi likishatoka halirudi lote. Msimamizi aliomba ahamishwe upande wa miche, ambako hakuna hesabu za bonasi, na hajataka kurudi. Pesa zilirekebishika. Yeye sidhani kama tulimrekebisha.

Haya, sasa nivue kofia ya msimuliaji nivae ya fundi. Maana najua wengine hapa mnaandika programu za mishahara, za SACCO, za karo, na kila moja ina kikomo mahali fulani.

Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba neno "kikomo" linabeba vitu viwili tofauti. Kuna kikomo cha ulinzi na kuna kikomo cha sera. Kikomo cha ulinzi ni kama askari wa langoni. Akiona gari asilolijua analisimamisha na kuuliza. Halivunji taa wala halipunguzii magurudumu ili lipite. Kikomo cha sera ni makubaliano: tumeambizana tangu mwanzo kwamba bonasi haitapita kiasi fulani, na kila mtu anajua. Cha kwanza kinauliza "hii ni kweli?" Cha pili kinasema "hii ni kweli, lakini tulikubaliana mwisho ni hapa." Mimi nilipewa kazi ya askari nikaandika sera.

Mfano mzuri mnao mfukoni. Agosti 2023 kikomo cha muamala mmoja wa M-Pesa kilipandishwa kutoka shilingi 150,000 hadi 250,000. Jaribu kutuma 260,000. Haitumi 250,000 ikanyamaza na kukuachia ugomvi na uliyemtumia. Inakataa yote na kukwambia imekataa. Mamilioni ya watu wanaishi na kikomo hicho bila kumwita wakala mwizi, kwa sababu kinajitaja.

Jambo la pili: kila kikomo kina mwenyewe, yaani kuna mtu kinayemlinda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote ya mfanyakazi kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara wake. Mikopo iwe mingi vipi, theluthi moja lazima ifike nyumbani. Hicho ni kikomo kinachomlinda mfanyakazi. Kikomo cha bonasi mara nyingi kinamlinda mwajiri. Si dhambi, hata mwajiri ana bajeti. Ila ukiandika kikomo bila kujiuliza ni cha nani, utakiweka mahali pabaya. Na kifungu kinachofuata, cha 20, kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa ya mshahara yenye mchanganuo, pamoja na kiasi cha makato na sababu zake. Nilikuwa nimesoma sheria hiyo nilipoanza kazi. Nilihakikisha NSSF na PAYE zinaonekana vizuri. Bonasi niliyoikata haikuwa "kato" kwa jina, kwa hivyo haikuonekana popote. Nilitimiza maneno ya sheria nikakosa maana yake.

Serikali nayo ina vikomo vyake. Kaunti, ikiwemo hii yetu ya Kajiado, zinatakiwa na kanuni za usimamizi wa fedha za umma za mwaka 2015 kutotumia zaidi ya asilimia 35 ya mapato yao kwa mishahara na marupurupu. Hicho ni kikomo cha mfuko mzima. Hakisemi nani apunguziwe. Mtu akigeuza kikomo cha namna hiyo kuwa mstari wa programu, lazima kwanza binadamu waamue wataugawaje upungufu. Tarakilishi haiwezi kuwaamulia, ingawa ukinyamaza itaamua tu.

Na msidhani ni mambo ya huku kwetu peke yake. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha bonasi za mabenki kuanzia mwaka 2014: isizidi mshahara wa mwaka, au mara mbili ya mshahara wenye hisa wakikubali. Mabenki mengi yaliitikia kwa kuongeza mshahara wa msingi. Uingereza, baada ya kutoka katika Umoja huo, ilikiondoa kikomo hicho Oktoba 2023. Upande wa pili kuna benki ya Wells Fargo ya Marekani, ambayo mwaka 2016 ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kugundulika kwamba wafanyakazi waliosukumwa na malengo ya mauzo na zawadi zake walifungua akaunti kwa mamilioni bila idhini ya wateja. Kwa hivyo sisemi vikomo ni vibaya. Bonasi isiyo na mtu wa kuuliza "hii ni kweli?" inaweza kumharibu mtu mwema. Nasema tu kikomo kiulize kwa sauti.

Hivi ndivyo programu inavyofanya sasa. Chukueni mnachotaka:

1. Vikomo ni viwili, vina majina tofauti. Kile cha ulinzi kikivukwa, malipo ya mtu huyo yanasimama na watu wawili wanaletewa: karani na msimamizi wake. Wakikubaliana ni kweli, analipwa yote. Wakiona ni sufuri ya ziada, wanairekebisha.

2. Kile cha sera hakiwezi kuwashwa bila tarehe, jina la aliyekiidhinisha na sentensi itakayosomwa na mfanyakazi. Sentensi ikiwa tupu, programu inakataa. Meneja aliniuliza kwa nini namsumbua na uandishi. Nikamwambia akishindwa kuiandika, basi huenda hakiandikiki.

3. Karatasi ya mshahara ina mistari mitatu: bonasi uliyofanyia kazi, bonasi unayolipwa na sababu ya tofauti. Hata tofauti ikiwa sufuri mistari inabaki, watu waizoee.

4. Mfuko ukipungua, kila mtu anapunguziwa kwa uwiano mmoja. Tuseme mfuko ni 300,000 na watu wamefanyia kazi 360,000. Kila mmoja anapata tano kwa sita ya zake, na uwiano huo unaandikwa kwenye karatasi. Zamani tungelipa kwa orodha mpaka pesa ziishe, na wenye majina ya mwisho wangejua hawajui. Senti zinazobaki baada ya kugawanya zinaongezwa kwa mpangilio unaojulikana. Na pesa zote nazihifadhi kwa senti, nambari nzima, si kwa desimali zinazoyumba.

5. Kikomo kinakatwa kwenye bonasi kabla ya kodi na makato, si baada. Ukikata baada, mtu anatozwa kodi ya pesa ambazo hakuziona.

6. Kikomo cha zamani hakifutwi. Ukirudi kukokotoa Februari 2024, unatumia kikomo cha Februari 2024, si cha leo.

Mstari wangu mmoja umekuwa karibu mistari mia mbili. Nilichukua wiki mbili na sikudai malipo.

Februari 2025 nilienda mwenyewe siku ya mishahara. Sikuaminiwa na mtu, na hata mimi sikujiamini. Askari wa langoni alisimamisha watu tisa. Karani na msimamizi mpya walikaa na karatasi, wakapitia mmoja mmoja. Wanane walikuwa kweli wamefanya kazi hiyo. Mmoja alikuwa sufuri ya ziada. Ilichukua chini ya saa moja.

Yule mama alikuwa mmoja wa wale wanane. Alipokea karatasi yake, akatoa daftari kwenye mkoba, akaweka kidole kwenye daftari na kingine kwenye karatasi. Akasoma mistari mitatu yote. Kisha akakunja karatasi akaniambia, "Leo imesema."

Halafu akanikumbusha kwamba yule msimamizi bado yuko kwenye miche, na kwamba ningepita kumsalimia kabla sijapanda gari la Kitengela. Nilipita. Tuliongea habari za mvua.

Wiki ijayo, Mungu akipenda na stima zikikubali, turudi kwenye hifadhidata. Kwa sasa nendeni mkatafute katika programu zenu kila mahali panaposema "kama imezidi basi ipunguze". Kisha jiulizeni nani ataambiwa.